Tahariri: Tusihesabu mifuko ya mchele tu, tuulize nani anawapa wazee maji usiku

Miaka michache iliyopita niliitwa, pamoja na wenzangu wawili wa radio, kwenda kuandika habari ya msaada uliotolewa katika nyumba moja inayotunza wazee hapa kwetu Kivu Kaskazini. Jina la nyumba hiyo sitalitaja, wala la waliotoa msaada. Haikuwa Oicha. Walileta mifuko ya mchele, makatoni ya sabuni na blanketi. Kukawa hotuba, kukawa maombi, kukawa picha. Wazee walipangwa kwenye viti mbele ya mifuko, wamevalishwa nguo safi. Niliuliza wanne kati yao kama wanatunzwa vizuri. Wote wanne walijibu: "Tunamshukuru Mungu." Msimamizi wa nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nilipokuwa ninaondoka nilipita kwenye chumba cha mwisho. Kulikuwa mama mmoja mzee kitandani. Hakuletwa kwenye picha kwa sababu hakuweza kukaa. Aliniita "mwanangu", akaomba maji. Kikombe kilikuwepo, tena kimejaa, juu ya meza ndogo. Lakini meza ilikuwa karibu na mlango, na mkono wake haukuweza kufika pale. Nilimpa. Alimaliza vikombe viwili bila kupumzika.

Jioni niliandika habari yangu. Niliandika hesabu ya mifuko, majina ya wakubwa waliokuwepo, na maneno ya shukrani. Juu ya kikombe sikuandika hata neno moja.

Nimeanza na kosa langu kwa sababu ndilo kosa letu sote tunapozungumza juu ya kutunza wazee. Tunahesabu vitu vilivyoingia mlangoni. Hatuulizi kama vilifika mdomoni, kwenye ngozi na moyoni mwa yule ambaye vililetwa kwa ajili yake. Na leo swali hilo ni kubwa zaidi katika Oicha kuliko mahali pengi.

Vita ilivunja nyumba ya wazee tuliyokuwa nayo

Oicha ni makao makuu ya wilaya ya Beni, karibu kilomita 30 kaskazini ya mji wa Beni, kwenye barabara ya kitaifa namba 4 inayopanda kuelekea Eringeti na Komanda. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia ambayo serkali na Umoja wa Mataifa wanayaweka juu ya waasi wa ADF yamesukuma watu kutoka vijiji vingi. Watu wa Mbau, wa Kokola, wa Mayimoya, wa Eringeti, na wengine kutoka Irumu na Mambasa ng'ambo ya Ituri, kwa nyakati mbalimbali wamekimbilia Oicha ao Beni. Wengine wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena.

Kila anayeishi hapa anajua kwamba mzee ndiye anayekimbia wa mwisho. Miguu inakataa. Ao anasema: "Nendeni ninyi wenye watoto, mimi nilizaliwa hapa." Ao kijana mwenye moto anabeba kwanza mama mwenye mtoto, na safari ya pili haifanyiki. Mzee akifika salama Oicha, mara nyingi anafika bila shamba lake la kakao, bila mbuzi, bila karatasi, na pengine bila mtoto wake aliyekuwa akimlisha.

Zamani tulikuwa na nyumba ya wazee isiyokuwa na kibao mlangoni: uwanja wa familia. Mzee alikuwa na nyumba yake ndogo karibu na ya mtoto wake. Mkwe alipika, mjukuu alilala karibu naye, jirani alisikia akikohoa. Hakuna aliyeita kazi hiyo "huduma". Leo uwanja huo umekuwa chumba kimoja cha kukodi, watu kumi ndani, baba anatafuta kazi ya siku, mama yuko sokoni, watoto wako shuleni ao barabarani. Mzee anabaki peke yake na mlango umefungwa kwa nje, eti asipotee.

Ndiyo maana leo wazee wetu wanatunzwa mahali pengi: katika nyumba ya parokia, kwa familia iliyowapokea, kwa mama wa kanisa aliyewahurumia watatu ao wanne, ao katika kitanda cha hospitali ambapo hakuna ndugu anayekuja kuwachukua baada ya kupona. Baadhi ya mahali hapo panaitwa nyumba ya wazee. Pengine hapana jina. Lakini kwa yule anayelala pale, swali ni moja: ninatunzwa vizuri ao hapana?

Wapo watakaosema: kwetu mzee hapelekwi kwenye nyumba ya wazee, hiyo ni desturi ya Wazungu. Ninawaheshimu wanaosema hivyo, na mimi ningependa koko yangu azeeke nyumbani. Lakini desturi haimpi maji mtu aliyefungiwa ndani ya chumba tangu asubuhi. Tukitumia desturi ili tusiangalie, tunaitumia vibaya.

Uzuri wa huduma unapimwaje?

Mwaka wa 1966 munganga mmoja aliyezaliwa Beirut, Avedis Donabedian, aliandika makala ambayo hadi leo inafundishwa kwa wale wanaosimamia hospitali. Alisema huduma inaangaliwa pande tatu. Kwanza vitu vilivyopo: nyumba, vitanda, watu, dawa. Pili kazi inayofanyika: nani anafanya nini, wakati gani, namna gani. Tatu matokeo: mgonjwa amekuwa aje baada ya hayo yote.

Sisi huishia kwenye upande wa kwanza. Tunaona nyumba imepakwa rangi, tunasema ni nzuri. Lakini kikombe cha yule mama kilikuwa upande wa kwanza: kilikuwepo, na kilikuwa kimejaa. Kilichokosekana ni kazi ya mtu mmoja kusogeza meza. Na matokeo yalikuwa kiu.

Si lazima uwe munganga ili kuangalia pande zote tatu. Mtu yeyote anayetembelea mzee, awe shemasi, mkubwa wa avenue, mtoto aliyerudi kutoka Kampala ao mwandishi wa habari, anaweza kubeba maswali saba.

La kwanza ni maji. Je, kikombe kiko mahali ambapo mkono unafika? Mzee hasikii kiu kama kijana, na wengine wanajizuia kunywa kwa kuogopa kuomba kupelekwa chooni. Mdomo mkavu, mkojo mweusi na kuchanganyikiwa kwa ghafla si uzee tu. Mara nyingi ni ukosefu wa maji.

La pili ni ngozi. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anapata vidonda mgongoni, kwenye nyonga na kwenye visigino. Kidonda hicho kinaanza kama doa jekundu ao jeusi zaidi kuliko ngozi ya kando, na kikiachwa kinafika mfupani. Wauguzi wanafundishwa kumgeuza mgonjwa wa namna hiyo kila baada ya saa mbili hivi, na kumweka mkavu. Kidonda kinaweza kutokea hata kwa anayetunzwa vizuri, hasa akiwa mgonjwa sana. Lakini kama katika nyumba moja wazee wengi wana vidonda, usiulize juu ya rangi ya ukuta. Uliza nani anageuza, na saa ngapi.

La tatu ni chakula. Si kuuliza kama kimepikwa, ila kama kimeliwa. Asiye na meno hawezi kutafuna muhindi wa kuchoma. Anayetetemeka mikono anamwaga nusu ya sahani. Hapa Oicha akina mama wote wanajua ule utepe wa rangi unaopima mkono wa mtoto ili kuona kama ana utapiamlo. Mkono wa mzee nao unaweza kupimwa kwa utepe, ingawa hesabu zake si zile za mtoto. Muuguzi wa kituo cha afya akipima mara moja kwa mwezi na kuandika, tutajua nani anakonda kabla hajafika kwenye kaburi.

La nne ni choo na usafi. Anangoja muda gani akiomba kupelekwa? Anaogeshwa na nani, na mlango ukiwa umefungwa? Mzee aliyeheshimiwa na kijiji kizima akiogeshwa uwanjani mbele ya watoto, hata kama sabuni ni ya bei kali, ameumizwa.

La tano ni dawa. Wazee wetu wengi wana shinikizo la damu, wengine wana sukari. Dawa hizi haziachwi na kurudiwa kila mfadhili anapokuja. Daftari la shule lenye mistari linatosha: jina, dawa, saa, na sahihi ya aliyeitoa. Daftari likikosekana, hakuna anayejua kama mzee alikunywa mara mbili ao hakunywa hata mara moja.

La sita ni usiku. Wageni wote wanakuja mchana. Lakini mzee anaanguka usiku, anajikojolea usiku, anaogopa usiku, hasa yule aliyekimbia risasi usiku. Nani analala pale? Ana taa? Ana simu yenye salio? Nani anaitwa wakati wa hatari, wakati hata moto hazitembei kwa sababu ya usalama? Ukitaka kujua nyumba ya wazee, uliza juu ya saa nane ya usiku.

La saba ni sauti. Muulize mzee mwenyewe, lakini usimuulize mbele ya anayempa chakula. Jibu la "tunamshukuru Mungu" ni la kweli, na pia ni la kujikinga. Kaa naye kando, ongea Kinande na Mnande, Kibuba na Mbuba, lugha ya mtu mwenyewe. Muulize kama anaweza kutoka akitaka, kama anatembelewa, nani anashika pesa ambazo watoto wake wanatuma kwa simu, kama kuna anayempigia kelele. Muulize pia kama kuna anayemwita mchawi. Tunajua wote kwamba katika sehemu zetu bibi mzee mwenye macho mekundu, anayeongea peke yake usiku, yuko katika hatari. Macho mekundu yanaweza kuwa moshi wa jikoni wa miaka 60, na kuongea peke yake kunaweza kuwa ugonjwa wa akili wa uzee. Nyumba inayosema hivyo juu ya wazee wake haiwezi kuitwa nyumba ya huduma.

Na mzee anapokufa, tuandike siku na sababu iliyoonekana. Watu hufa wakizeeka; hilo halimshangazi mtu. Lakini wakifa wanne katika majuma mawili ya mvua, na hakuna aliyeandika, hatutajua kama ilikuwa malaria, kuhara, ao baridi ya sakafu.

"Mnatuonea sisi maskini"

Najua jibu litakalotoka, kwa sababu nimelisikia. Mama anayetunza wazee wanne kwa kujitolea atasema: "Ninyi waandishi mnakuja kunipima mimi, ambaye serkali haijanipa hata franka moja. Wakati watoto wao waliwaacha, mlikuwa wapi?"

Ana haki. Asilimia kubwa ya kazi hii inafanywa na wanawake wasiolipwa, nao wamechoka, nao pia walikimbia. Ukaguzi unaokuja kumtisha mama huyo, kumwomba karatasi na kumtoza faini, utafunga mlango pekee uliokuwa wazi. Huo si ukaguzi tunaouomba.

Lakini umaskini si jibu la kila kitu. Kusogeza meza hakuna bei. Kumgeuza mtu kunahitaji mikono miwili na kukumbuka. Kufunga mlango wakati wa kuogesha ni bure. Yale yasiyokuwa na bei tunaweza kuyadai leo. Yale yenye bei, kama godoro, dawa na mlinzi wa usiku, tutayapata kwa urahisi zaidi tukiwa na maandishi mkononi. Mama yule akienda kwa mfadhili ao kwa viongozi na daftari linaloonyesha kwamba wawili kati ya wanne wanakonda tangu miezi miwili, anaongea kwa nguvu kuliko akienda na machozi tu.

Wala tusidhani kwamba pesa peke yake inaleta huduma nzuri. Januari 2022 mwandishi wa habari wa Ufaransa, Victor Castanet, baada ya uchunguzi wa miaka mitatu, alichapisha kitabu juu ya nyumba za wazee za kampuni kubwa ya Orpea. Pale familia zilikuwa zinalipa maelfu ya euro kila mwezi. Hata hivyo alieleza namna pampasi na chakula vilivyopimwa kwa ubahili ili faida iongezeke. Serkali ya Ufaransa ikatuma wakaguzi. Ubelgiji, mwaka wa 2020, katika wimbi la kwanza la Covid, zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wakaaji wa nyumba za wazee. Shirika la MSF, ambalo sisi hapa tunalijua kwa vita na magonjwa yetu, lililazimika kutuma watu wake kusaidia nyumba za wazee za Ubelgiji. Nchi zile zina sheria, zina wakaguzi, zina pesa. Kilichokosekana ni jicho la kila siku ndani ya chumba.

Karibu na sisi kuna mifano mingine. Zanzibar, ambako serkali yenyewe inatunza wazee katika nyumba za Welezo na Sebleni, ilianza Aprili 2016 kumpa kila mkaaji mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alifanya kazi ya serkali ao alilima muhogo. Kenya nayo tangu 2018 imewafungulia wenye miaka 70 na zaidi malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni pesa ndogo. Lakini mzee mwenye pesa ndogo kila mwezi anakaa ndani ya familia kama mtu anayeleta kitu, si mzigo tu. Kwetu, mkulima wa kakao wa Mbau aliyefanya kazi miaka 50 hana pensheni hata ya franka moja.

Oicha inajua kutunza, na inajua kuangalia

Wengine watasema haya ni ya mbali na sisi. Hapana. Mwaka wa 1934 munganga Mmarekani, Carl Becker, wa misheni ya AIM, alikuja kukaa Oicha, akabaki hadi vita ya Wasimba ya 1964 ilipomtoa. Kando ya hospitali kikakua kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Maelfu ya watu ambao kwingine walifukuzwa kwa kuogopwa walitibiwa hapa. Jina la Oicha likajulikana mbali kwa sababu hiyo: mji mdogo wa msituni uliopokea wale waliotupwa. Wazee wa leo walikuwa watoto wakati ule. Ingekuwa aibu mji huo ushindwe kuwaangalia wao.

Tunalo pia somo la karibu zaidi, na lilitugharimu. Ebola ilipotangazwa Agosti 1, 2018, ikaanzia Mangina na kufika Beni, Oicha, Butembo na kwingine, watu wengi waliogopa kituo cha matibabu kuliko ugonjwa. Walisema: anayeingia pale hatoki, na hatujui wanamfanya nini. Beni, shirika la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki inayoonyesha ndani. Mama aliweza kusimama nje na kumwona mtoto wake, kuzungumza naye, kuona muuguzi akimpa maji. Ugonjwa ulipotangazwa kuisha Juni 25, 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mambo mengi yalifanywa vibaya katika miaka ile. Lakini hilo la ukuta unaoonyesha ndani tulilielewa sote: huduma inayoonekana inaaminiwa, na anayejua kwamba anaonekana anafanya kazi vizuri zaidi.

Nyumba za wazee zinahitaji ukuta wa namna hiyo. Si wa plastiki. Wa watu wanaoingia na kutoka.

Nani afanye nini

Sheria iko. Katiba yetu ya Februari 18, 2006, katika kifungu cha 49, inasema mtu wa umri wa uzee ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee kulingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Umoja wa Afrika nao, Januari 2016, ulipitisha itifaki juu ya haki za wazee, inayotaka nyumba zinazowatunza zifuate kanuni za chini za kila nchi, na inayokataza kuwashitaki wazee kwa uchawi. Hatukosi karatasi. Tunakosa mtu wa kugonga mlango.

Tunapendekeza jambo dogo linaloweza kuanza bila kungoja bajeti ya Kinshasa wala mwisho wa utawala wa kijeshi uliowekwa Mei 2021. Katika kila mtaa wa Oicha ambapo wazee wanatunzwa nje ya familia zao, wawepo watu watatu: muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, mama mmoja ao baba mmoja anayeaminiwa na mtaa, na mmoja kutoka kanisa ao msikiti usiosimamia nyumba hiyo. Waende mara moja kwa mwezi, bila kutangaza siku. Walau mara moja kwa miezi mitatu wafike jioni, giza likianza, kama usalama unaruhusu. Wabebe yale maswali saba kwenye karatasi moja. Kwanza wamsikilize mzee, kisha wamsikilize anayemtunza: anakosa nini, anapumzika lini, nani anaweza kumsaidia.

Karatasi moja ibaki katika nyumba, nyingine iende kwa zoni ya afya ya Oicha, ya tatu kwa ofisi ya mambo ya jamii ya wilaya. Mwezi unaofuata waanze kwa kusoma karatasi ya mwezi uliopita: kilichoandikwa kimefanywa ao hakikufanywa? Pasipo swali hilo la pili, ukaguzi ni matembezi.

Kwa zoni ya afya tunaomba ihesabu wazee kama inavyohesabu watoto. Kwa ofisi ya mambo ya jamii tunaomba ianze na orodha: wazee wangapi, wako wapi, wanatunzwa na nani. Haiwezekani kulinda watu ambao hawajulikani idadi. Kwa mashirika ya kiutu tunaomba kila msaada kwa wazee uwe na kitu kwa ajili ya anayewatunza: siku ya kupumzika, mafunzo, hata malipo madogo. Kwa parokia na makanisa tunasema: mmefanya wakati wengine hawakufanya, na hatulisahau. Fungueni milango, mtasaidiwa zaidi. Kwa watoto walio Butembo, Kampala, Kinshasa ao Ulaya wanaotuma pesa: tumeni, lakini ombeni pia kuongea na mzee mwenyewe, kwa picha kama inawezekana, na mwambieni anayeshika simu atoke kidogo.

Na sisi waandishi wa habari, tunajipa kanuni kwenye ukurasa huu. Tukiitwa kwenye sherehe ya msaada kwa wazee, tutaingia pia katika chumba cha mwisho. Na tutarudi baada ya siku 30, bila kamera mbele, kuuliza mchele uliliwa na nani. Kama nyumba inafanya vizuri, tutaandika hivyo kwa furaha, na tutaeleza namna inavyofanya ili wengine waige.

Sijui yule mama wa chumba cha mwisho alikuwa nani. Sikumuuliza jina lake. Nilikuwa na haraka, gari la wafadhili lilikuwa linaondoka. Msomaji, ukienda juma hili kumsalimu mzee yeyote, wako ao wa jirani, angalia kwanza kikombe kiko wapi. Kama kiko mbali, kisogeze. Kisha umuulize aliye karibu: usiku, nani anakisogeza?